Kofia ya Bwana Harusi Aliyezuiliwa na Bahari

Rahamatu wangu,

Bado nimeshtuka. Nilidhani mshtuko ni kitu cha kupita: unapiga ukelele, unakunywa maji, unakaa, umekwisha. Huu wangu umeingia nyumbani kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Naamka nao, napika nao, na sasa naandika nao, wewe ukiwa kwa koko wako, mama yangu, kumuaga, na begi lako limesimama mlangoni kana kwamba ndilo linalosafiri na wewe ndiye unayebebwa.

Usicheke maandishi yangu. Unajua nilisoma Unguja tu, babu yako alipokuwa akifanya kazi bandarini kule. Nilipofika darasa la tano tukarudi Mutsamudu, na shule ikaishia hapo. Hapa kila cha kuandikwa kilikuwa Kifaransa, nami nikabaki na Kiswahili changu mkononi kama ufunguo wa nyumba iliyouzwa. Nilikufundisha wewe kukisoma ili nipate japo mtu mmoja wa kumwandikia. Ndiyo leo.

Mambo ya kula, kulala na kuvaa sitayaandika. Mama yake Nasuri, bwana harusi wetu, utakayefikia kwake pale Ntsoudjini, kisiwa cha Moroni, atakuambia yote, na atakayoyasahau utaambiwa na majirani zake bila kuuliza. Njia ya kwenda chuo, Mvouni, utaijua mwenyewe. Mimi nataka kuandika habari ya kofia, maana nilikupigia kelele kwa ajili yake mbele ya watu, kisha nikakunyamazia, na hatujakaa tukazungumza vizuri tangu siku ile. Kuzungumza nikianza nalia. Kalamu hailii.

Unakumbuka siku ya kwanza uliyonipeleka hapa hapa Hombo kwetu, kwenye duka la kompyuta linalotazamana na hospitali. Jenereta ya mwenye duka ilikuwa imepata mafuta, na hilo peke yake lilikuwa habari ya mji. Boti hazikuwa zikija, simu za Moroni zilikuwa hazishiki, sukari ilikuwa inauzwa kwa kijiko. Baba yako alikuwa akienda bandarini kila asubuhi kutazama maji matupu, kisha anarudi amechoka kuliko siku za kubeba magunia. Ukaniambia, "Mama, twende nikuonyeshe kitu, usiniulize." Nikaja na buibui langu la kwenda hospitali, maana sikujua mtu anavaaje kwenda kwenye kompyuta.

"Kaa, Mama. Usiguse kitu."

Nikakaa nimeikunja mikono kama mtoto dukani. Ukabonyeza, ukabonyeza, na mbele yangu likatokea yai.

Yai la kukaanga, Rahamatu! Lilikuwa limetariziwa kwa uzi juu ya kitambaa cha kufutia vyombo. Kiini kimeinuka, weupe umekauka pembeni ukawa wa hudhurungi kama yai lililosahauliwa kidogo jikoni. Nilisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Nilitafuta mshono nikauona, nikatafuta wa pili nikaupoteza. Mimi ninayeshona tangu sijavunja ungo, nilipotea kwenye yai la mtu.

"Nani huyu?"

"Mwanamke tu. Yuko nchi ya baridi huko. Jina lake hili hapa chini, na hii ni mikono yake."

Kweli ilikuwepo picha ya mikono. Mikono ya kawaida, kucha fupi, kidole kimefungwa plasta. Nikashangaa kuliko nilivyolishangaa yai. Ukanionyesha na wengine: mzee anayechonga miiko, kila mpini umepinda kama shingo ya ndege anayekunywa, bibi anayesuka vikapu vidogo vya kubeba dengu moja moja, kijana mfinyanzi aliyeweka picha ya chungu kilichopasuka, na chini yake, ukanisomea, ameandika, "Hiki kilinishinda, lakini nakipenda." Hawana duka wala bosi. Kila mmoja na chumba chake na kazi yake, na jina lake chini.

Nikakuuliza, "Nani kawaruhusu?"

"Hakuna, Mama. Wanaweka wenyewe."

"Waume zao wanajua?"

Ukacheka mpaka mwenye duka akageuka. "Hata huyo mzee wa miiko, Mama?"

"Wanauza?"

"Wengine. Wengine wanaonyesha tu."

"Wanaonyesha tu, halafu?"

"Halafu watu wanapenda."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo nikashindwa kulala nayo. Halafu watu wanapenda. Basi tukawa wezi wa jenereta, mimi na wewe. Ikisikika inanguruma tu, tunateremka. Yule mwanamke nikamwita Mama Yai, na nyumba nzima ikamjua. Baba yako akiingia anauliza, "Mama Yai kapika nini leo?" Kumbuka siku alipoweka picha ya upande wa nyuma wa kazi yake, mafundo yote nje, nyuzi zimekatizana kama njia za panya. Nilifunika macho. Kwetu upande wa nyuma wa kofia ni kama ndani ya chumba cha kulala. Yeye kaweka ulimwengu mzima utazame, na kaandika, "Hivi ndivyo ilivyokuwa kweli." Nilitazama kupitia vidole. Kisha nikaitoa mikono, nikatazama vizuri, nikaona ana fundo baya kama langu, pale pale ambapo mimi huharibu, kwenye kona.

Sasa nikusimulie kitu ambacho hata Siti hakijui, na yeye ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Wewe ulikuwa bado unanyonya. Nilikuwa nimekubeba, natoka sokoni, nikamwona mwanaume ametoka msikitini Ijumaa amevaa kofia yangu. Si ya kufanana na yangu, ni yangu. Nilikuwa nimeishona miezi, vitobo vyake vidogo kama macho ya dagaa, ukanda wa pembeni wenye nakshi niliyoitunga mwenyewe nikitazama mlangilangi unavyodondosha maua. Niliiuza kwa mfanyabiashara, nikaisahau. Kumbe sikuisahau. Nilianza kumfuata yule mtu. Akiingia uchochoro huu, nami nimo. Akasimama kusalimiana na mwenzake, nikasimama ukutani. Mwenzake akamwambia, "Mashallah, kofia!" Na yeye akajishika kichwa, akasema, "Eh, nzuri kweli." Basi. Hakuna aliyeuliza imetoka mkono gani. Nilifungua mdomo. Yule mtu akageuka akaniona, mwanamke na mtoto mgongoni, namwangalia kichwani, akadhani nina wazimu. "Una shida, dada?" Nikasema nimepotea njia. Katika mji niliozaliwa, nikasema nimepotea njia.

Ndivyo tulivyolelewa. Kofia inamsifu anayevaa. Na ya harusi ndiyo zaidi: dada wa bibi harusi anaishona, bwana harusi anaivaa akitoka kwao kuja kuingia nyumba ya mkewe, na kabla ya saa hiyo hakuna mwanaume anayeiona, yeye mwenyewe wa kwanza. Ikionekana kabla, wazee wanasema imekufa, inafumuliwa, inaanzwa upya.

Kofia ya Nasuri niliianza kabla viongozi wetu hapa hawajasema kisiwa kinakwenda njia yake. Siti alikuwa ameshachumbiwa naye, nyumba yake babu yako alishaiezeka, imebaki rangi. Kisha bahari ikafungwa. Kwanza tukasema wiki. Kisha hatukusema tena. Mara akaja yule muuza vitenge aliyepita kwa boti ya magendo, akakaa barazani kwa koko wako, akanywa chai yetu ya mwisho, akasema, "Huko Ntsoudjini wameshakata tamaa. Wanasema watu wa kisiwa hiki, Wandzuani, wamejitenga, basi na wakae na binti zao. Kijana anatafutiwa mke Moroni." Siti alikuwa ameshika sinia. Hakuliangusha. Aliliweka chini taratibu sana, na tangu hapo akawa anakula kama anayemwonea huruma aliyepika.

Koko wako akaniambia, "Mwanaesha, acha hiyo kofia. Unamshonea mume wa mtu."

Nikasema ndiyo Mama. Na nikaendelea, jikoni, mlango umerudishwa. Si kwamba nilijua kitu. Mikono tu haikukubali. Wewe ukaingia mara moja na ile simu yako ya kamera, sikujali, nikadhani unatafuta mwanga.

Siku ile dukani niliomba Mama Yai. Ukasema, "Leo kuna mwingine, Mama, mtazame huyu," na sauti yako ilikuwa inatetemeka kwa furaha, na mimi sikuisikia. Kwanza nikaona kidole. Kidole cha shahada chenye kovu la sindano. Nikasema moyoni, masikini, na huyu pia alijichoma pale pale. Kisha nikaona goti, na juu ya goti khanga yangu ya jikoni, na juu ya khanga kofia.

Ukanisomea, polepole, kama anayesoma dua: "Kofia ya bwana harusi aliyezuiliwa na bahari. Imeshonwa na Mwanaesha, Hombo, Mutsamudu."

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka kiti kilianguka. Nakumbuka nilisema, "Umeniua," na mwenye duka akasema, "Mama, taratibu, mashine hizo." Nikakushika mkono kwa nguvu. "Toa! Toa jina langu! Toa sasa hivi!" Ukawa unabonyeza huku unalia. Jina likaondoka. Na kabla hujaifikia picha, jenereta ikakohoa, ikazima, na kioo kikawa cheusi. Nikajiona humo, uso wangu, mdomo wazi.

Mafuta hayakupatikana tena muda mrefu. Kofia ikabaki duniani huko, bila jina.

Maneno yalipanda uchochoroni kabla yetu. Tulipofika mlangoni jirani alikuwa ameshajua: "Aisee, tumesikia kofia ya harusi inatembea ulimwenguni na bwana harusi bado hajavaa hata viatu!" Koko wako alikuwa ameshafika kwetu, ameketi kitandani. Hakupaza sauti. "Jina la mwanamke linaandikwa kwenye hati ya ndoa," akasema. "Basi. Kofia imeonekana. Ifumue."

Nikachukua wembe. Ulikuwepo, umesimama kwenye pazia. Nilifumua ua moja. Nyuzi zilitoka zimejikunja, zinakumbuka zilipokuwa. Nikaingia la pili, na Siti akaja akaweka kiganja chake juu ya kofia, juu ya wembe pia, angeweza kukatika.

"Iache," akasema. "Angalau yenyewe imesafiri."

Baba yako akasema kutoka uani, "Hata mimi nasema iachwe. Mimi na mabega yangu sijavuka hata boya la bandari, na kofia imepita vizuizi vyote bila kupekuliwa." Siti akacheka. Mara ya kwanza baada ya miezi, akacheka na machozi. Mimi sikucheka. Mimi nilikunyamazia. Nilikuwekea chakula bila kukuita. Hilo nitalijibu mimi, wewe usilibebe.

Kisha ikaja ile alfajiri ya mizinga. Tulilala sakafuni, wewe katikati yetu, na ulipouliza kama tutakufa nilikujibu kwa mara ya kwanza tangu siku ya duka. Nilisema hapana. Sikuwa na hakika, lakini nilifurahi kwamba tunazungumza. Mchana askari wa serikali ya Moroni wakawa wamejaa barabarani, na wale viongozi tuliokuwa tukiwaogopa wamekimbia, na watu wakatoka kutazama kama wanaotoka kwenye mvua. Boti zikaanza. Mafuta yakaja.

Nikakwambia, "Nenda dukani ukaitoe ile picha." Hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo yangu. Kisiwa kimegeuka juu chini, na mimi nafikiria picha.

Ulirudi unakimbia, kandambili moja mguuni, nyingine sijui uliiacha wapi mpaka leo. Ulinyoosha kiganja, umeandika maneno uliyoyakuta chini ya ile picha, kwa kalamu ya wino kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo cha mkono, na jasho lilikuwa limeshaanza kufuta. Ukatusomea, koko wako, Siti na mimi, tumesimama uani:

"Mimi naitwa Nasuri, wa Ntsoudjini. Niliambiwa Siti ameshapewa mtu wa Mutsamudu. Kaka yangu aliye Marseille aliiona picha hii akaniambia kuna jina la Mwanaesha wa Hombo. Nilipofungua mimi, jina halikuwepo. Nikaogopa kwamba limefutwa kwa sababu harusi imefutwa. Nimekuja hapa kila siku kutazama kama limerudi. Kama kofia hii si yangu, nisameheni. Kama ni yangu, nimeiona, na sitavaa nyingine."

Rahamatu. Kila siku alikuja kutazama kama limerudi.

Hapo ndipo nilipokaa chini, kwenye simenti, na ndipo ulipoingia huu mshtuko ninaokuambia. Kumbe pande zote mbili tulilishwa maneno yale yale. Na katikati ya maneno yote, kitu kimoja tu kilikuwa cha kweli, kile ulichokiandika wewe, na mimi nilikifuta. Nilifuta kwa kuwa niliona aibu ya jina langu kuonekana, na mtu upande wa pili wa maji alikuwa amelishikilia jina hilo hilo asizame. Kama angekuwa mtu wa kukata tamaa upesi, Siti angebaki na nyumba isiyopakwa rangi, kwa aibu yangu mimi.

Siti alikuchukua kiganja akakiweka shavuni kwake, na wino ukabaki usoni mpaka jioni, hakuuosha. Kisha koko wako akaguna.

"Ana macho makubwa huyo kijana," akasema. "Haya, Mwanaesha, unangoja nini? Lishone lile ua ulilofumua."

Nimelishona. Halikurudi kama mwanzo. Kitambaa kilikuwa kimechoka pale, nikalazimika kulipanua kidogo, likawa ua lililofunguka kuliko wenzake. Mtu asiyejua hataliona. Wewe utaliona, liko upande wa nyuma, juu ya kisogo.

Sasa kofia iko ndani ya begi lako, imefungwa kwenye shiromani yangu nyekundu ya kujitanda. Utamkabidhi Nasuri mkononi, si kwa mama yake, ataiweka kabatini. Ataivaa akipanda boti ya kuja. Tutakuwa bandarini. Baba yako amesema siku hiyo habebi gunia hata la mfalme.

Wewe utabaki huko na masomo yako. Watakuwepo watakaokuita mtoto wa waasi, kwa jinsi unavyotamka maneno tu. Sijui la kukufundisha juu ya hilo. Mimi nimejifunza moja, tena kwako: ukiona kitu kizuri kimefanywa kwa mkono, uliza ni mkono wa nani, na ukijua, sema. Nilidhani unacheza na kompyuta. Kumbe ulikuwa unanitazama. Hakuna aliyewahi kunitazama nikishona, hata mimi mwenyewe sikujua kwamba ninakaza midomo.

Pale Moroni duka halitakosa umeme kama letu. Nenda hata kama umechoka na safari. Msalimie Mama Yai kwa Kifaransa chako, mwambie fundo lake la kona na mimi ninalo. Kisha fungua ile picha, urudishe jina langu. Andika lote, Mwanaesha wa Hombo, mshonaji. Piga na nyingine mpya, ya ndani, ya mafundo, uiweke kando yake. Koko wako akiuliza nitajibu mimi. Na chini ya jina langu weka lako, kwa kuwa uliona.

Na siku moja mtu atamsimamisha Nasuri uchochoroni amwambie, Mashallah, kofia. Ukiwa karibu, usiseme umepotea njia.

Mama yako,
Mwanaesha